Maneno Yasiyo na Maana

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Kazi mpya ya maandishi ya chini — na safari hii si kipindi cha mapishi! Filamu ya tamasha. Brussels, Februari 1981, ukumbi umejaa mpaka mlangoni, bendi sita za punk na new wave zinapokezana jukwaa, saa moja na dakika arobaini. Mikanda imesafishwa na kuingizwa kwenye kompyuta, sasa inatakiwa maandishi kwa ajili ya viziwi. Navaa casque masikioni, nasikiliza, naandika kila kinachosemwa na kila kinacholia. [Watu wanapiga miluzi.] [Gitaa linakwaruza.] [Chupa inavunjika.]

Cédric, bosi wangu, ana wazimu na filamu hii. Ameiona mara hamsini na kitu. Anasema kila mwaka, mwezi wa Novemba, inaonyeshwa Jumapili mchana kwenye sinema moja hapa mjini, na watu ni walewale: makoti ya ngozi yasiyofungika tena tumboni, vipara, wajukuu wamebebwa mabegani, wote wamesimama juu ya viti wanaimba. Ameniambia haya yote akiwa ameshika kahawa, mpaka ikapoa.

Mimi mtoto wa Buyenzi, Bujumbura, nimekua na kaswida nyumbani na rumba ya jirani. Punk naijua kwa nywele tu. Lakini nimeangalia bendi mbili za mwanzo na — sijui. Kupiga hawajui. Mbona siwezi kuacha kutazama? Mpiga ngoma mmoja anapiga kama mtu anayefukuza nyuki.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimesimamisha filamu dakika ya hamsini na moja. Nikavua casque, nikageuka nyuma. Nilidhani kuna mtu ameniita.

Bendi ya nne. Mwimbaji ni kijana mwembamba mwenye tai, anaimba Kifaransa kuhusu lifti. Kisha kibwagizo. Kwenye karatasi za zamani za maneno ya filamu kimeandikwa: [maneno ya kubuni, hayana maana]. Lakini si yeye anayeimba kibwagizo. Ni sauti ya mwanamke, iko pembeni, haonekani — unaona kiwiko tu na mguu wa maikrofoni. Na sauti inasema:

Tété, usilale, mama ni miye, niko nakuya.

Nimerudisha mara kumi na mbili. Ni Kiswahili! Si cha kwetu Buyenzi, sisi tungesema "ni mimi, nakuja". Hiki ni cha Katanga, cha Lubumbashi huko.

Nimemwita Cédric. Amecheka. Kisha nikamsomea neno kwa neno, akaacha kucheka. "Miaka arobaini na minne tunapiga kelele maneno haya," amesema. Yeye alidhani "mamanimié" ni neno moja! Aliniuliza maana, nikamtafsiria palepale kwa Kifaransa, bila kufikiri: Tété, usilale, mimi ndiye mama yako, niko njiani. Akakaa juu ya meza yangu.

Tété ni nani? Na huyo mama alifika?

Jumatano, 8 Oktoba

Nimesoma kila kitu kuhusu hiyo bendi. Walidumu mwaka mmoja na nusu. Mwimbaji alifariki miaka tisa iliyopita. Kwenye mahojiano ya zamani anasema maneno ya kibwagizo "yalikuja tu, ni sauti, hayana lugha". Jina la mwanamke hakuna popote. Hakuna!

Mwizi. Nimekasirika siku nzima kwa niaba ya kiwiko.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimemwona.

Cédric amenipa mikanda iliyokatwa, ile ambayo haikuingia kwenye filamu. Hakuna sauti. Nusu yake ni miguu ya watu na dari. Halafu, sekunde arobaini hivi: fundi anajaribu mwanga, na mbele ya kamera amesimama msichana mweusi, nywele fupi kabisa, koti la kiume lililomzidi mabega. Anaangalia kamera kama mtu anayekaguliwa pasipoti. Mtu anamwambia kitu, anacheka, anaziba mdomo kwa mkono. Basi.

Kwenye kopo la mkanda kuna karatasi, mwandiko wa kalamu: Mimi, chœurs. Sekunde mbili nzima nilidhani mtu ameandika Kiswahili, "mimi"! Ni jina. Mimi, waitikiaji.

Nimechapisha picha yake. Mama yangu husema pua yangu itaniponza siku moja. Labda. Lakini mtu hawezi kuonyeshwa uso kama ule kisha aende kunywa chai.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mvua. Matonge, mtaa wa Wakongo, Chaussée de Wavre kutoka juu mpaka chini na picha ndani ya bahasha ya plastiki. Wanawake wa saluni wamesema mzuri, nani huyu, ni ndugu yako? Muuza vitenge amesema wote wa zamani wamekufa au wamehamia Woluwe.

Mwisho nimeingia kwa Tonton Tharcisse. Zamani aliuza kaseti na sahani za muziki, siku hizi anauza vifuniko vya simu, ila sahani bado ziko ukutani. Amevaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

"Ee! Mimi! Umemutosha wapi huyu?"

"Unamjua, Tonton?"

"Marie-Claire. Tulikuwa tunamuita Mimi. Mutoto wa Likasi. Alikuwa anakuya hapa kila samedi na ile koti. Bon, usimuambie mutu yeyote, lakini bantu balikuwa banamuogopa."

Yuko hai. Ni infirmière, muuguzi mstaafu, anaimba kwenye kwaya ya parokia, kila mtu anamheshimu. Namba yake hakunipa. Amesema atampigia yeye kwanza, halafu tutaona. Amebaki na picha.

Jumatano, 15 Oktoba

Simu kazini, namba nisiyoijua.

"Ni wewe ule unatembeza picha yangu Matonge?"

Nimesimama kabisa, kama mwanafunzi. Nimesema ndiyo maman, samahani maman, nafanya kazi kwenye filamu. Ameuliza kitu kimoja tu: "Sauti inasikika? Maneno, yanasikika?"

Nimesema yanasikika sana.

"Alors kuya samedi. Peke yako."

Jumamosi, 18 Oktoba

Nataka kuandika yote kabla sijasahau mpangilio.

Nyumba yake iko Woluwe-Saint-Lambert, ghorofa ya tatu, safi kama wodi. Maman Marie-Claire ana miaka sitini na sita, mrefu, wigi limekaa vizuri, miwani ya mnyororo. Amenitilia chai, ameweka biskuti, hakukaa. Nimempa casque na kompyuta ndogo. Amesikiliza kibwagizo akiwa amesimama, mkono juu ya kiti. Mara moja. Akavua casque taratibu, akaniuliza mimi ni wa wapi, ni nani alinilea. Nimemwambia: bibi yangu, Buyenzi. Mama alikuwa hapa Brussels, mimi nimekuja nikiwa na miaka kumi na nne. Hapo ndipo alipokaa.

Alikuja mwaka 1980 kusomea uuguzi. Alipanga chumba kwenye nyumba moja karibu na Chaussée d'Ixelles, na chini yake, kwenye sela, chumba cha chini ya ardhi, ile bendi ilifanya mazoezi. Kila jioni! Hasomi, halali. Siku moja alishuka na gauni la kulalia na koti juu, akawafokea kwa Kifaransa, Kifaransa kikamwishia, akaendelea kwa Kiswahili. Wakamsikiliza mpaka mwisho. Halafu yule mwembamba akampa maikrofoni.

"Nilicheka! Mi, mutoto wa masista, na bale bajinga." Aliimba nao miezi saba. Anasema ilikuwa mahali pekee Brussels ambapo mtu aliruhusiwa kupiga kelele.

Nimemuuliza kuhusu mwimbaji, nimesema aliiba maneno yako, maman. Akanikata hapohapo.

"Hapana. Hakuiba. Aliniuliza yanasema nini. Mi njo nilimuambia hayasemi kitu."

Nimeona aibu. Siku kumi nimemwita marehemu mwizi.

"Juu ya nini, maman?"

Aliinuka, akafunga dirisha ambalo lilikuwa limefungwa.

Alizaa akiwa na miaka kumi na saba, huko Likasi, Katanga. Mtoto wa kike, Thérèse. Tété. Mama yake akamwambia: wewe utarudi shule, mtoto ni wangu. Wakaandika hivyo kwenye makaratasi, wakasema hivyo kanisani, mtaa wote ukakubali au ukajifanya kukubali. Tété akakua akimwita Marie-Claire yaya, dada mkubwa. Bourse ya kusoma Ulaya ilipotoka, Tété alikuwa na miaka mitatu. Usiku wa kuondoka alikataa kulala. Alishika mkoba wa yaya wake.

"Nilimuambia, lala, yaya atarudia. Yaya! Hata siku ile sikusema ile neno ingine."

Hilo la "mama ni miye" alilisema mahali pamoja tu maishani mwake, kwenye maikrofoni, mbele ya watu mia nane ambao hakuna hata mmoja aliyeelewa. Ndiyo maana aliweza.

Filamu ilipotoka aliacha bendi. Akaogopa kuna mtu ataelewa. Akamaliza masomo, akafanya kazi hospitalini miaka thelathini na tano. Hakuolewa. Mama yake alikufa mwaka 2009, na kabla ya kufa alimwapisha kwenye simu asiseme. Tété sasa ana miaka arobaini na minane, ni mwalimu hukohuko Likasi, ana binti wa miaka kumi na sita, Océane. Kila Jumapili wanaongea. Yaya, umeamukaje. Yaya, huko kuna baridi?

Nimemuuliza (pua yangu!): na Tété mwenyewe, hajawahi kushuku?

"Sijui. Sijauliza. Mutu anauliza tu kama iko tayari kwa jibu."

Nimemwambia yale maandishi bado hayajaandikwa. Kwamba ni mimi ninayeyaandika. Amefunga biskuti zote kwenye karatasi akanipa niende nazo.

Jumatatu, 20 Oktoba

Balaa.

Nimeingia ofisini, Cédric anang'aa. Ameweka jana kwenye ukurasa wa wapenzi wa filamu: siri ya miaka arobaini na minne imefumbuliwa, ni Kiswahili! Na tafsiri. Tafsiri yangu! Na kipande cha video chenye sauti. Watu elfu sita wamekiona. Vijana wa Kikongo wa Liège wamekichukua, wanakicheza, wanaigiza. Mmoja ameandika: huyu maman ni nani, na Tété yuko wapi, tumtafute.

Nimemwambia afute. Amesema kwa nini, ni habari nzuri! Siwezi kumwambia kwa nini. Nimesema tu: Cédric, huyo mama yupo hai na hakuombwa. Uso wake ulibadilika. Alifuta mbele yangu, si mtu mbaya. Lakini video za wengine hazifutiki. Amesema: mstari ule kwenye filamu nitaacha uamue wewe, unijibu ifikapo Ijumaa ya tarehe thelathini na moja.

Na mimi? Nani alimtafsiria Cédric? Nani alitembeza picha Matonge mvuani? Nilitaka kujua. Basi, nimejua.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimeenda Woluwe baada ya kazi kumwambia mwenyewe, si kwa simu. Amenisikiliza mlangoni. Hakunikaribisha, hakunifukuza.

"Océane iko kwenye simu kutoka asubuhi mpaka jioni," amesema. "Siku mbili, tatu, itamufikia."

Nimesema nisamehe, maman.

"Bon. Rudia kwako."

Jumatano, 22 Oktoba

Kimya.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimepita kwa mama, Anderlecht. Amepika ndagaa na ugali wa muhogo, nimekula bila kusikia ladha. Nikamsimulia bila majina. Nikamuuliza: wewe ulipokuwa huku na mimi Buyenzi, ulikuwa unaniambia nini kichwani mwako?

Amesema alikuwa hawezi kuongea na mimi kichwani, angeshindwa kazi. Aliongea na mimi Jumamosi tu, kwenye duka la simu, dakika kumi.

Halafu akasema kitu ambacho sikukijua. "Ulipofika hukuniita mama. Miaka miwili uliniita 'wewe'. Wewe, chumvi iko wapi. Wewe, natoka." Anacheka, anachambua samaki. "Nikasema sawa. Bora wewe kuliko kimya."

Sikumbuki! Naapa sikumbuki. Nimeosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi.

Jumamosi, 25 Oktoba

Maman Marie-Claire amepiga. Hakusalimia.

"Kesho après-midi uko kwako? Niko nakuya kupigia simu huko. Hapa kwangu kuta zote zina picha ya mama yangu."

Jumapili, 26 Oktoba

Amefika saa nane mchana, au saa saba, saa zimerudishwa nyuma leo na yangu ya jikoni bado inadanganya. Amekuja moja kwa moja kutoka kanisani, amevaa kitenge cha kwaya. Amekataa chai, kisha akainywa. Akaweka simu juu ya meza, akaisogeza, akaisogeza tena.

Nimemuuliza kama Thérèse ameshasikia wimbo. Hajui. Juzi usiku Océane alimtumia ujumbe: "Tante, kuna wimbo wa Brussels wanaimba jina ya maman, ni wa bantu ya kwenu?" Na kile kichwa cha njano kinachocheka. Hakujibu. Ndiyo maana leo ni leo.

"Kama nikikosa nguvu, nisukume," ameniambia.

"Nitakusukuma vipi, maman?"

"Sijui. Kohoa."

Amepiga, spika ya simu imewashwa. Nimetoka, nimekuja chumbani, nimefunga mlango, nimekaa kitandani na daftari hili. Ukuta wa nyumba hii ni karatasi tu. Ninaandika ili nisisikilize, na ninasikia kila neno.

Wamesalimiana. Mvua ya Likasi imeanza. Bei ya makaa. Mwalimu mkuu mpya. Dakika tano nzima! Sauti ya Thérèse ni nzito, ya mtu aliyezoea darasa la watoto hamsini. Ameuliza: Yaya, mbona unaongea polepole, unaumwa?

Kimya.

Nimekohoa.

Na amesema. Hakuanza na wimbo. Ameanza na mwaka, mwezi, kitanda cha hospitali ya reli, jina la sista aliyempokea mtoto. Amesema kwa sauti ya kutoa ripoti ya wodi, kitu baada ya kitu, saa, uzito, kilo mbili na mia nane. Kisha: "Ule mutoto ni weye, Tété. Mama ni miye."

Nilidhani simu imekatika. Friji imeguna, imenyamaza.

Thérèse amesema, "Répète."

Amerudia. Safari hii sauti haikuwa ya ripoti.

Kisha Thérèse ameongea haraka sana, kwa hasira, sikupata yote. Kwamba alikaa na marehemu mpaka siku ya mwisho, alimwosha, alimlisha, na mama hakusema, na yaya hakusema, na sasa ana miaka quarante-huit ana mvi anaambiwa kwenye simu. Kwamba kila mtu mtaani alijua, sivyo? Sivyo? Maman Marie-Claire amejibu: "Ndiyo." Hakujitetea. Hakusema nilikuwa mtoto, hakusema nilikatazwa. Nilitaka kugonga ukuta: sema, maman, uliapishwa! Hakusema.

"Na ile wimbo," Thérèse ameuliza. "Ni weye?"

"Ni miye."

"Océane anaiimba tangu juzi. Ameiimba asubuhi, iko nafagia." Hapo sauti yake ilifanya kitu. Si kilio. Kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

Hawajaongea tena tangu hapo. Dakika mbili? Lakini simu haijakatwa, nasikia uani kwao, kuku, ndoo, redio ya mtu. Maman Marie-Claire havuti hata kiti.

Océane anasikika kwa mbali, anauliza kwa nini mama analia, nani amekufa.

"Hakuna mutu amekufa," Thérèse amesema. "Kuya hapa. Vaa ndala ukuye. Kuya usalimie —"

Amesimama hapo. Océane huwa anamwita tante, dada ya mama yake, na hilo halifai tena. Nasikia ndala zinavuka uani, zinakaribia, na Thérèse bado hajamaliza sentensi yake.